Nyuma ya Jicho: Dawa Moja, Hatima Mbili

Mwaka 1954, Eduardo Tolosa, daktari wa upasuaji wa ubongo mjini Barcelona, alichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 47. Mgonjwa huyo aliumwa vikali nyuma ya jicho la kushoto, kisha kope ikalegea na jicho likagoma kugeuka. Alifanyiwa upasuaji ili chanzo kitafutwe, akafariki. Maiti ilipochunguzwa haikukutwa saratani. Kilichoonekana ni uvimbe uliouzingira mshipa mkubwa wa damu nyuma ya jicho.

Kwa nini uvimbe mdogo ulifanya madhara makubwa namna hiyo? Jibu limo kwenye fuvu. Tundu la jicho limeumbwa kama faneli: mbele pana, nyuma jembamba. Katika ncha yake, neva ya kuona hupita kwenye mfereji wake wa mfupa. Kando yake kuna ufa unaopitisha neva tatu zinazoendesha jicho, pamoja na tawi la neva linalolipa paji la uso hisia. Zote zimebanana mahali padogo, hivyo kinachoigusa moja huigusa na jirani yake. Ndiyo maana dalili huja pamoja: kope huanguka, jicho hukwama, paji la uso hufa ganzi na nuru hufifia.

Madaktari walizitenganisha dalili hizo polepole. Mwaka 1896, zama ambazo kaswende ilishukiwa mara nyingi jicho lilipopooza, Mfaransa André Rochon-Duvigneaud alieleza kupooza kwa neva zipitazo kwenye ule ufa. Ugonjwa ukibaki kwenye ufa peke yake, jicho halisogei, lakini linaona. Mwaka 1945 daktari Kjær alieleza hali inayotokea nuru nayo inapopotea, ishara kwamba ncha yenyewe imeshambuliwa. Huo ndio ugonjwa wa ncha ya tundu la jicho. Chanzo chake kinaweza kuwa uvimbe usio na vijidudu, saratani iliyotambaa kutoka nyuma ya pua, mfupa uliovunjika ajalini, au maambukizi yaliyoanzia kwenye nafasi za hewa zinazoizunguka pua.

Matumaini yalikuja na kotizoni, iliyojaribiwa kwa mgonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948 huko Mayo Clinic, Marekani. Mwaka 1961 William Hunt na wenzake wa Ohio waliripoti wagonjwa sita waliofanana na yule wa Barcelona, na wakaonyesha kwamba dawa za jamii hiyo, yaani steroidi, huleta nafuu. Mwaka 1966 ugonjwa ukapewa jina la Tolosa-Hunt. Maumivu ambayo kisu kilishindwa kuyaondoa yaliweza sasa kutulia kwa vidonge ndani ya siku tatu.

Lakini palikuwa na adui mwingine anayepita njia hiyohiyo. Mwaka 1885 Arnold Paltauf alieleza kuvu wa jamii ya mukori ndani ya mwili wa binadamu. Mwaka 1943 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa watatu wa kisukari kilichopanda vibaya: kuvu aliingia puani, akapenya hadi kwenye jicho, kisha kwenye ubongo. Kuvu huyu hupenda damu yenye sukari na asidi nyingi. Huziba mishipa ya damu, na nyama iliyokosa damu hufa na kuwa nyeusi. Dawa ya kwanza ya maana dhidi yake, amfoterisini, ilipatikana miaka ya 1950 kutokana na bakteria wa udongo wa Venezuela.

Hapo ndipo penye mtego. Steroidi hupandisha sukari na kuwalegeza askari wa mwili. Kinachomponya mgonjwa wa Tolosa-Hunt humnenepesha kuvu. India ililiona hilo mwaka 2021. Steroidi ziliokoa wagonjwa wengi mahututi wa Uviko-19, lakini katika nchi yenye kisukari kingi zilitumika pia pasipostahili na kwa muda mrefu kupita kiasi. Kufikia Julai serikali ilikuwa imehesabu zaidi ya wagonjwa 45,000 wa kuvu huyo na vifo zaidi ya 4,300. Wengine waling'olewa jicho ili ubongo unusurike.

Kwa hiyo tiba ya ncha ya jicho huanza kwa swali la chanzo. Picha za CT na MRI huonyesha ugonjwa ulipo, na kipande cha nyama kikipimwa maabara huonyesha ni ugonjwa gani. Uvimbe usio na vijidudu hupewa steroidi. Kuvu hupewa amfoterisini, sukari hushushwa, na nyama iliyokufa hukatwa bila kuchelewa. Saratani hutibiwa kama saratani.

Ndugu msomaji, kope ikianguka ghafla, ukaona vitu viwili viwili au nuru ikafifia huku jicho likiuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama una kisukari na pua inatoa uchafu mweusi, usingoje hata kupambazuke. Na vidonge vya steroidi usijinunulie dukani: kabla ya kuvimeza, mtu aliyesomea kazi hiyo lazima ajue kilichojificha nyuma ya jicho lako.