Lucie Eyenga, sauti ya mama kwenye sahani

Tukiuliza wanafunzi wetu hapa Sake wataje wanamuziki wa zamani, wanajibu: Wendo, Kabasele, Franco. Wanaume watupu! Kumbe katika miaka ya 1950, wakati wa Wabeleji, Lucie Eyenga alitoa sahani za muziki kule Léopoldville, kwa Opika, tena pamoja na orkestra Rock-a-Mambo. Alikuwa kati ya wamama wa kwanza wa Kongo kujulikana hivyo. Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, alipoimba Olympia ya Paris mwaka 1973, njia ilikwisha kufunguliwa. Bibi zetu nao waliimba kwenye arusi na shambani, lakini majina yao hayakuandikwa. La Eyenga liliandikwa. Sisi walimu tusilipoteze.