Ushuru wa Mahindi Nchini Kenya: Kutoka Ghala la Vita Hadi Kizuizi cha Barabarani

Gunia la mahindi la kilo 90 linapotoka shambani Trans Nzoia au Bungoma, nchini Kenya, mwenyewe huwa amekwisha kuligharimia mbegu, mbolea, palizi na kupukuchua. Lakini historia ya miaka zaidi ya 80 inaonyesha kwamba gharama haziishii hapo. Kabla unga haujafika katika sufuria ya mtu wa mjini, gunia hilo hukatwa ushuru, na kwa muda mrefu aliyesimama mahali pa kukatiwa alikuwa askari. Kwa hiyo habari ya ushuru wa nafaka katika nchi hiyo jirani si ya wakulima na makarani peke yao. Inawahusu pia walinzi wa amani, ambao kwa nusu karne walikabidhiwa kazi ya kulichungulia gunia barabarani, na ambao posho yao wenyewe ilitoka katika gunia hilo hilo.

Chanzo cha mambo haya ni sheria ya mwaka 1935 iliyohusu uuzaji wa mazao ya wenyeji. Sheria hiyo ilitaka mazao ya Waafrika yauzwe katika vituo maalumu, kwa wafanya biashara wenye leseni tu. Watawala walieleza kwamba nia yao ni kumlinda mkulima asipunjwe katika mizani, na kuhakikisha kwamba nafaka chafu na yenye wadudu haiingii sokoni. Sababu hizo hazikuwa za uongo mtupu, kwani udanganyifu wa mizani ulikuwako. Hata hivyo, mara serikali inapoweka mlango mmoja ambao nafaka yote haina budi kuupitia, si vigumu tena kuweka mkono mlangoni.

Mkono huo ulinyooshwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942, kwa kutumia kanuni za ulinzi wa nchi, serikali ya kikoloni iliunda idara ya Udhibiti wa Mahindi. Jeshi lilihitaji chakula. Wafungwa wa kivita wa Kiitaliano waliohamishiwa Kenya walihitaji chakula. Na hali kadhalika vibarua wa reli, wa bandari na wa mashamba ya walowezi. Kila mkulima alitakiwa auze mahindi yake ya ziada kwa Udhibiti, kwa bei iliyopangwa na serikali. Chama cha wakulima wa Kizungu, KFA, ndicho kilichopewa uwakala wa kupokea na kuhifadhi nafaka hiyo. Yaani chama cha muuzaji mmoja kilifanywa kuwa mlinzi wa ghala la wauzaji wote, na hilo lenyewe lilitosha kuwatia Waafrika wasiwasi.

Bei hazikuwa sawa. Mlowezi alipewa bei ya juu, na zaidi ya hayo sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 1942 ilimhakikishia malipo ya chini kwa kila eka aliyoilima, hata mvua ikikosa. Mkulima Mwafrika wa Nyanza au wa nchi ya Wakikuyu alipewa bei ya chini, na kabla haijamfikia mkononi ilikuwa imekwisha kupunguzwa mara kadhaa. Kulikuwa na faida ya mwenye duka aliyenunua kwa debe, kulikuwa na gharama ya gunia tupu, na kulikuwa na fungu la mfuko wa usafirishaji, ambao ulichanganya gharama za walio karibu na reli na za walio mbali nayo, hata aliye karibu akamlipia aliye mbali. Mwisho wa yote ulikuja ushuru wenyewe, uliopelekwa katika mifuko ya kustawisha kilimo na katika mabaraza ya wenyeji ya wilaya.

Hoja ya serikali ilikuwa na sehemu mbili, nayo yafaa ielezwe kwa haki. Ilidaiwa kwamba Mwafrika akilipwa bei kamili atapanda mahindi mwaka hadi mwaka katika shamba lile lile mpaka udongo uchakae, kwa hiyo ni bora sehemu ya bei iwekwe akiba na kutumiwa kwa matuta, mbegu bora na barabara. Tena ilidaiwa kwamba wakati wa vita bidhaa za madukani ni haba, na fedha nyingi mikononi mwa watu zingepandisha bei za vitu. Ajabu ni kwamba hoja zote mbili zingeweza kutumika vile vile kwa mlowezi, ambaye naye alilima mahindi mfululizo na kununua katika soko lile lile lenye upungufu. Hazikutumika.

Fedha za mifuko hiyo hazikupotea zote. Matuta yalichimbwa, mbegu zikagawiwa, barabara na madaraja kadhaa yakajengwa. Lakini mlipaji hakuulizwa. Mama aliyebeba debe la mahindi hadi kituoni hakuandikiwa stakabadhi ya ushuru. Aliambiwa bei, akapokea senti zake, akaenda zake. Ushuru ulikuwa umefichwa ndani ya bei. Na ushuru usioonekana una hasara moja kubwa: aliyeulipa hajui ameulipa, kwa hiyo hawezi kudai daraja lake.

Kisha ikaja njaa. Mvua za vuli za mwishoni mwa 1942 zilikosa, na mwaka 1943 sehemu nyingi za Kenya zilikumbwa na upungufu mkubwa wa chakula. Wakikuyu waliupa mwaka huo jina la Mianga, maana yake mihogo, kwa kuwa unga wa mihogo uliotoka mbali ndio uliowaokoa. Tume iliundwa mwaka huo huo kuchunguza sababu za upungufu. Mvua ilikuwa na lawama yake, lakini pia mkulima aliyekuwa na nafaka hakuona faida ya kuipeleka mahali ambapo bei ilikuwa ndogo na makato mengi, ilhali jirani yake mwenye njaa alikuwa tayari kulipa zaidi. Mahindi yakaanza kusafiri usiku. Neno magendo, ambalo watu wa pwani walilijua zamani kwa mambo ya majahazi na forodha, likapata makao mapya katika bara, kwenye baiskeli iliyofungwa gunia nyuma.

Hapo ndipo askari alipoingizwa katika biashara ya nafaka. Udhibiti haukuwa na watu wa kutosha kulinda kila njia, kwa hiyo polisi na askari wa wakuu wa wilaya walipewa amri ya kusimamisha mizigo na kudai kibali. Amri hiyo iliendelea baada ya vita kwisha. Tume ya Kifalme iliyozuru Afrika ya Mashariki kati ya 1953 na 1955 ilikosoa vikwazo vya namna hiyo, ikiona kwamba vinaizuia nafaka isitoke penye shibe kwenda penye njaa. Maneno hayo yalisomwa, na vikwazo vikabaki.

Katika miaka iliyofuata majina yalibadilika mara kwa mara. Mwaka 1959 palikuwa na Bodi ya Kuuza Mahindi. Mwaka 1966, baada ya upungufu wa 1965 uliowalazimisha Wakenya kula mahindi ya njano kutoka Marekani, na baada ya tume nyingine ya uchunguzi, ikaja Bodi ya Mahindi na Mazao. Mwaka 1979 hiyo nayo ikaunganishwa na Bodi ya Ngano na kuwa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, ambayo Wakenya huiita kwa herufi zake, NCPB. Uhuru wa 1963 uliondoa bei mbili za rangi mbili. Kibali cha kusafirisha mahindi haukukiondoa.

Yafaa kueleza jinsi makato yalivyofanya kazi kwa mkulima wa wakati huo. Serikali ilitangaza bei ya gunia. Mkulima alipofika kwenye ghala la Bodi, mahindi yake yalipimwa unyevu, na kama yalizidi kiwango cha asilimia 13.5 ilimbidi alipie ukaushaji au arudi nayo. Kama alikuwa na mkopo wa msimu, sehemu ya malipo ilikatwa hapo hapo. Kilichobaki alikisubiri, mara nyingine kwa miezi mingi. Mwenye shamba kubwa na lori lake aliweza kungoja. Mkulima mdogo, ambaye ada ya shule ilikuwa mlangoni, alimwuzia mchuuzi kwa bei ya chini ya ile iliyotangazwa redioni, na tofauti hiyo kwake ilikuwa sawa na ushuru ingawa hakuna sheria iliyouita hivyo.

Naye mchuuzi alikuwa na hesabu yake. Bila kibali aliruhusiwa kuchukua magunia machache tu kutoka wilaya moja hadi nyingine. Mahindi yaliyojaa Kitale hayakuweza kufika Machakos kwa njia ya halali ila kwa kupitia ghala, kibali na kinu kikubwa. Aliyeamua kuyapeleka mwenyewe alijua kwamba kwenye vizuizi atadaiwa chochote, akakikadiria, akakitoa katika bei ya kumnunulia mkulima na kukiongeza katika bei ya kumwuzia mlaji. Askari aliyepokea shilingi chache kizuizini huenda alidhani anamkamua tajiri mwenye gari. Aliyekamuliwa alikuwa mkulima upande mmoja na mlaji upande wa pili, na miongoni mwa walaji hao alikuwamo mke wa askari mwenyewe, sokoni.

Jambo hili si geni kwa Tanzania. Huku nako mtu hakuruhusiwa kusafirisha zaidi ya kilo 30 za nafaka bila kibali, mpaka mwaka 1984 kiwango kilipopandishwa hadi kilo 500. Wazee waliotumikia polisi wakati huo wanakumbuka mabasi yaliyoshushwa abiria usiku ili vifurushi vya unga vitafutwe chini ya viti.

Kenya ilifuta vikwazo vya kusafirisha mahindi Desemba 1993. Matokeo moja yalionekana upesi katika mitaa ya watu wa kipato kidogo Nairobi: vinu vidogo vya posho viliongezeka, na watu waliokuwa wamelazimika kununua sembe ya viwanda vikubwa wakaweza kununua mahindi na kusagisha wenyewe kwa bei nafuu. Unga wa vinu hivyo haukuwa mweupe kama sembe, lakini ulishibisha.

Kibali kilikwenda, ushuru ukabaki, safari hii mikononi mwa serikali za mitaa. Chini ya Sheria ya Kilimo iliyotumika hadi miaka ya 2010, halmashauri ziliweza kutoza ushuru wa mazao kwa idhini ya waziri, na ilitakiwa asilimia 80 ya mapato hayo irudi katika barabara na huduma za maeneo yaliyozalisha mazao. Nia hiyo ilikuwa njema kuliko ile ya 1942, kwa sababu ilimtaja mlipaji na kutaja anachostahili kurudishiwa. Hata hivyo mkulima aliyekuwa akilisukuma gari katika tope la Aprili alikuwa na haki ya kuuliza asilimia hizo 80 ziko wapi.

Kisha Katiba ya 2010 ikaleta kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013. Ibara ya 209 inaeleza ni kodi zipi kaunti inaweza kutoza, na inakataza zisitozwe kwa namna inayozuia bidhaa kupita kutoka kaunti moja hadi nyingine. Lakini kaunti nyingi ziliona kwamba ushuru wa mazao ndio mapato yaliyo karibu. Geti likawekwa, karani akapewa kitabu cha stakabadhi, mara nyingine akisaidiwa na askari. Lori linalotoka Kitale kwenda Nairobi hupita Uasin Gishu, Nakuru na Kiambu, bila kuzitaja kaunti nyingine, na manung'uniko makubwa ya wasafirishaji yamekuwa kudaiwa tena mahali pa pili kwa mzigo uliokwisha kulipiwa mahali pa kwanza.

Tena ushuru huo hutozwa kwa gunia, si kwa thamani. Tuseme ni shilingi 50 kwa gunia. Gunia likiwa na bei ya shilingi 5,000, hiyo ni asilimia 1. Mavuno yakiwa mengi na bei ikaanguka hadi 2,000, shilingi zile zile 50 ni asilimia 2.5. Yaani mwaka ambao mkulima ameshika kidogo zaidi ndio mwaka anaokatwa sehemu kubwa zaidi. Ushuru wa asilimia hupanda na kushuka pamoja na bei, lakini unahitaji mtu wa kukadiria thamani getini, na penye makadirio hapakosi mabishano. Tanzania ilishika njia ya asilimia, na mwaka 2017 ikapunguza ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi 2, pamoja na kusamehe mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja hadi nyingine.

Tani moja ni magunia kumi na moja ya kilo 90, na kilo kumi zaidi. Kwa askari aliye kizuizini, hesabu hiyo inatosha kumwambia ni gari lipi la kuliacha lipite. Kwa mwenye gari, stakabadhi ya geti la kwanza ndiyo ngao yake kwenye geti la pili, na asiyepewa stakabadhi ana haki ya kuidai kabla hajatoa fedha.