Usambazaji wa madaktari bingwa mkoani Katavi

Usambazaji wa madaktari bingwa ni jumla ya hatua ambazo Serikali ya Tanzania imechukua ili wataalamu wa upasuaji, uzazi, watoto, magonjwa ya ndani na usingizi wapatikane nje ya miji mikubwa. Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, unaonyesha vizuri uzito wa kazi hiyo. Sensa ya 2012 ilihesabu humo watu 564,604. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Idadi imezidi maradufu katika muongo mmoja, na ubingwa hausomewi kwa kasi hiyo.

Mkazi wa Majengo, kata ya Manispaa ya Mpanda, anaishi makao makuu ya mkoa. Hata hivyo, kwa miaka mingi rufaa ya kanda kwake ilimaanisha Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kupitia Sumbawanga. Mgonjwa hasafiri peke yake: nauli ni ya watu wawili, na ndugu anayemuuguza naye anahitaji chakula na pa kulala. Rufaa nyingine huishia kwenye karatasi.

Kabla ya mabingwa kuanza kusambazwa, mzigo waliubeba madaktari wasaidizi, kada iliyofunzwa nchini tangu miaka ya 1960. Hao ndio waliowapasua wajawazito katika hospitali nyingi za wilaya, na hawajapewa heshima wanayostahili. Mara chache bingwa aliweza kufika kwa ndege: shirika la afya la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, lilipeleka wapasuaji katika hospitali za mbali kwa njia hiyo. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuta mara nyingi zilitangulia watumishi.

Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba hospitali za rufaa za mikoa zitahamia Wizara ya Afya. Hospitali za halmashauri zilibaki chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mgawanyo huu una athari: kumpangia bingwa kazi katika hospitali ya mkoa mjini Mpanda ni jambo la Wizara, lakini huduma hiyo kufika katika halmashauri za Mpimbwe au Nsimbo kunahitaji ofisi mbili zielewane.

Mei 2024 Wizara ilizindua kampeni ya Madaktari Bingwa wa Rais Samia, ya kupeleka timu katika halmashauri zote 184 nchini, zikiwemo tano za Katavi. Timu hukaa siku chache, hutibu, na hufundisha wenyeji wakiwa kazini. Jambo lenye busara zaidi ni kumjumuisha bingwa wa usingizi na ganzi. Mjamzito anapopelekwa chumba cha upasuaji, mpasuaji peke yake hawezi kumwokoa: lazima awepo wa kumlaza usingizi na kulinda pumzi yake, damu iliyopimwa, oksijeni, umeme wa uhakika, na mkunga wa kumpokea mtoto. Kimoja kikikosekana, bingwa hubaki mikono mitupu.

Kambi ya siku chache kama hiyo ina mipaka yake. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anahitaji kliniki ya kila mwezi. Aliyepasuliwa anahitaji kuonwa tena, na wakati huo timu imeshaondoka. Kwa hiyo kipimo cha haki cha kampeni ni kile ambacho daktari wa halmashauri anaweza kukifanya mwenyewe mwezi unaofuata, si idadi ya waliopanga foleni.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2018 ilileta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba na kuwasambaza katika kaunti; Aprili 2019 wawili walitekwa Mandera, na mwaka 2023 serikali ikatangaza kutoendelea na mkataba.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010, uliohuishwa 2021, unahimiza kuchagua wanafunzi waliokulia vijijini, kuwafundishia huko, na kuwapa watumishi makazi na nafasi ya kujiendeleza. Kwa Katavi hiyo ni kazi ya kuanzia maabara za sekondari za Mlele na Karema, kwa sababu kutoka kidato cha sita hadi ubingwa ni miaka mitano ya shahada, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na kama mitatu ya uzamili.