Farasi Alipokufa, Nani Alibeba Mzigo?

Binamu yangu ni saisi huko Ghuba. Kama neno hilo ni geni kwako usijali, hata mimi nimelijua juzi tu. Saisi ni mtu anayetunza farasi. Si mwenye farasi, si mpanda farasi. Ni yule anayeamka saa kumi alfajiri kuzoa kinyesi, kubadilisha maji na kukwangua kwato. Alitoka Kilifi akiwa hajawahi kumgusa farasi maishani mwake. Alichojua ni punda wa nyanya yetu, yule wa kubeba maji na nazi. Ajenti alipomuuliza kama amewahi kufanya kazi na wanyama, akajibu ndiyo. Na hakusema uongo.

Usiku mmoja aliniachia ujumbe wa sauti. Farasi mmoja alikuwa na kidonda juu ya ukwato, nzi hawambanduki, na daktari wa mifugo ni mpaka asubuhi. "Dada, hebu muulize nyanya yule punda alikuwa anamfanyaje."

Nyanya hakufikiri hata kidogo. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, oshea taratibu, kausha kabisa. Kisha mafuta ya nazi yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, lakini upake pembeni, usitie ndani ya kidonda. Jioni washa makumbi ya nazi, moshi ufukuze wadudu.

Binamu akacheka sana. Makumbi atayatoa wapi huko? Halafu akiwasha moshi ndani ya zizi lile si atafukuzwa siku hiyo hiyo? Zizi lina kiyoyozi, bwana. Kikazima kicheko, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Chumbani kwetu ndiko kimeharibika. Sasa ni mwezi wa pili."

Ujumbe ukaisha hapo. Mimi nikabaki na swali la kijinga: hivi pwani yetu iliwahi kuwa na farasi? Nikaanza kusoma. Swali likageuka si la kijinga tena.

Tuanzie Malindi, Aprili 1498. Vasco da Gama ametoka Mombasa ambako mambo hayakumwendea vizuri, na sasa ametia nanga mbele ya mji uliokubali kumkaribisha. Mmoja wa watu wake aliandika kumbukumbu za safari ile, na jina lake mpaka leo halijulikani kwa hakika. Anasema kwamba siku ya Alhamisi, tarehe 19, Gama na nahodha mwenzake Nicolau Coelho walipita na mashua mbele ya mji, mizinga ikiwa imefungwa nyuma ya mashua. Watu wengi walikuwa wamejaa ufukweni. Na kati yao walikuwapo wapanda farasi wawili, wakichezeana vita vya kuigiza, wakionekana kufurahia kwelikweli.

Wawili. Si kikosi. Na mwandishi yuleyule anaendelea kusema kwamba mfalme wa Malindi alibebwa kwa machela kutoka kwenye ngazi za mawe za jumba lake hadi majini. Mji una farasi, lakini mfalme anabebwa na watu. Farasi ni wa kuonyesha, mabega ya watu ndiyo ya kazi. Tuiweke picha hiyo kichwani, kwa sababu tutairudia miaka mia nne baadaye, na haitakuwa ya kufurahisha.

Kwa nini wawili tu? Malindi haikuwa mji wa kimaskini. Mwaka 1415 ulipeleka twiga mpaka China, na mfalme wa China akatoka mwenyewe langoni kumpokea. Mji unaoweza kumvusha twiga bahari nzima haushindwi kuleta farasi kutoka Uarabuni. Kuwaleta haikuwa shida. Shida ilikuwa kuwaweka hai.

Farasi kwetu ni mgeni. Hata jina lake ni la Kiarabu, *faras*. Punda ndiye mwenyeji: asili yake ni Afrika, na magonjwa ya huku anayastahimili zaidi. Farasi akishuka jahazini anakutana na maadui wawili wadogo sana. Wa kwanza ni mbung'o, anayeishi vichakani na kueneza nagana. Farasi anapata homa, anakonda huku bado anakula, miguu na tumbo vinavimba, ufizi unakuwa mweupe, anakufa polepole. Ni mwaka 1895 tu, kule Zululand, ambapo David Bruce alianza kuonyesha kwamba chanzo ni kijidudu kilichomo kwenye damu na kwamba mbung'o ndiye anayekibeba. Adui wa pili ni usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Huo unaleta maradhi ya farasi ya Kiafrika, yanayoua haraka zaidi: macho yanavimba kwa juu, povu linatoka puani, na wakati mwingine kwa siku chache tu mambo yameisha. Kule Rasi, Afrika Kusini, mlipuko wa 1854 na 1855 uliua farasi wapatao 70,000.

Sasa fikiria mji wa Malindi ulivyokaa. Mbele bahari, katikati nyumba za mawe na mashamba, nyuma pori. Mbung'o anapenda pori, hapendi uwanda mweupe wenye upepo wa bahari. Kwa hiyo farasi wa Malindi alikuwa na ukanda mwembamba wa kuishi, kama mtu mwenye viza ya mji mmoja. Akivuka kwenda bara, amekwisha. Wale wapanda farasi wawili walichezea ufukweni, na pengine hapakuwa na mahali pengine pa kuchezea.

Lakini ufukwe peke yake hauponyi. Farasi si ng'ombe. Hawezi kutapika, kwa hiyo akila kibaya tumbo linafunga na huenda likamuua. Akilishwa chini kwenye mchanga, mchanga unajaa tumboni. Akitoka jasho joto la Machi, anataka chumvi na kivuli. Asiposafishwa kwato wakati wa mvua za masika, zinaoza na kunuka. Haya yote yanahitaji mtu, kila siku, asubuhi na jioni. Kama wale farasi wawili walikuwa na nguvu ya kuchezea vita mbele ya wageni, basi alikuwapo mtu Malindi aliyejua kazi yake barabara. Mwandishi wa safari aliwaona wapanda farasi. Saisi hakumwona.

Na ujuzi huo haukuwa jambo dogo katika Bahari ya Hindi. Marco Polo anasimulia kwamba kule Shihr, pwani ya Hadhramaut, mifugo na hata farasi walilishwa visamaki vidogo, nao wakazoea. Kisha anasimulia ya Ma'bar, kusini mwa India. Mfalme wa huko alinunua farasi zaidi ya 2,000 kila mwaka kutoka kwa wafanyabiashara wa Uarabuni na Uajemi, na mwaka ukiisha hawakubaki hata mia. Kwa nini? Anasema wenyeji hawakujua kuwatunza, na wafanyabiashara walihakikisha mafundi wa tiba za farasi hawafiki huko, ili soko lisife. Polo alipenda kutia chumvi, kwa hiyo hesabu zake zichukue kwa tahadhari. Lakini mantiki yake unaielewa hata leo: uza bidhaa, ficha fundi. Kilichokuwa adimu kuliko farasi ni mtu anayejua kumweka hai.

Tuje karibu na nyumbani. Unguja ya karne ya 19, jumba la Mtoni. Binti wa Sultani Seyyid Said, Salme, aliyezaliwa 1844 na baadaye kuolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Anaeleza jinsi watoto wa jumba walivyofundishwa kupanda wakiwa bado wadogo sana. Walipoiva, wavulana walipewa farasi na wasichana punda weupe wakubwa wa Maskati. Anaeleza pia tiba za nyumbani: watu kupigwa chuku, na kombe, yaani aya zilizoandikwa kwenye sahani, zikaoshwa na kunywewa. Waliowafundisha watoto wale kukaa juu ya farasi walikuwa watumwa. Tunajua majina ya wanafunzi. Ya walimu yamekwenda na maji, kama wino wa kombe.

Hapo ningeweza kumaliza na kusema historia huwasahau watu wadogo, tukaenda zetu. Lakini kuna sura moja iliyonigusa zaidi, kwa sababu inapita hapa hapa Kilifi.

Mwaka 1913 serikali ya kikoloni iliwataka Wagiriama watoe vijana wa kufanya kazi mashambani na kwenye miradi ya serikali. Mekatilili wa Menza akazunguka akiwaapisha watu wakatae. Akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali magharibi mwa Kenya, wakatoroka na kurudi. Agosti 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti. Mwezi huohuo Uingereza ikaingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mpaka na Tanganyika ya Wajerumani haukuwa mbali.

Vita hivyo Waingereza walitaka kuvipigana kwa farasi. Mwaka 1916 walikuja wapanda farasi kutoka Afrika Kusini chini ya Jenerali Smuts, wakaingia Tanganyika kwa kishindo. Mbung'o hakuulizwa. Farasi wakafa kwa maelfu, na nyumbu nao wakafa. Jeshi lilikuwa na madaktari wa mifugo, na dawa walijaribu, hata aseniki, sumu ambayo angalau ilimsogezea mnyama siku zake mbele kidogo. Haikutosha.

Sasa, mnyama akifa, mzigo unaenda wapi? Msemo wetu unajibu: punda afe, mzigo ufike. Na mzigo ulifika. Ulifika juu ya vichwa vya watu. Kikosi cha wabeba mizigo kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, ulimi wetu ukakifanya Kariakoo. Ukienda soko la Kariakoo Dar es Salaam, au ukishuka matatu Kariokor, Nairobi, unatamka jina la kikosi hicho bila kujua. Mwanzoni watu waliitwa, baadaye wakalazimishwa, na kufikia 1917 walikuwa wanakusanywa kwa msako kote nchini.

Hesabu rasmi ya Waingereza inataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria wanaamini idadi halisi inakaribia mara mbili ya hiyo, au zaidi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na homa ya mapafu. Walipewa unga wa mahindi ambao wengine hawakuuzoea, na mara nyingi hapakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Tumbo likaharibika, mtu akaisha njiani. Unaona? Ni kisa kilekile cha Ma'bar: chakula kisicho sahihi, ugenini, bila mtu anayejua. Tofauti ni kwamba farasi wa Ma'bar walikuwa na bei, kwa hiyo kuna aliyehuzunika.

Nikisoma hayo namkumbuka Mekatilili kwa jicho jingine. Shuleni tulifundishwa kwamba alipinga ukoloni, basi, mtihani ukaisha. Lakini alichokataa kilikuwa kitu cha kushikika kabisa: mtoto wako achukuliwe, apelekwe mahali ambapo hakuna anayejua anakula nini wala akiugua anatibiwaje. Mwaka mmoja kabla ya vita, mama yule alishaona shimo liko wapi.

Nairobi kuna sanamu ya ukumbusho, ilisimamishwa 1928. Ina watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mbeba mizigo. Hana jina.

Turudi kwa yule farasi wa Ghuba. Binamu alifanya alichoweza: chumvi, maji ya uvuguvugu, kitambaa safi. Mwarobaini hakuupata, ingawa nao ni mgeni, mti uliotoka India ukaja kwetu ukapewa jina la magonjwa arobaini. Asubuhi daktari akaja, akakagua, akasema kidonda kimeoshwa vizuri, akadunga sindano. Akajaza fomu ya farasi: jina, umri, ukoo wake mpaka babu wa tatu, dawa aliyopewa na saa aliyopewa. Binamu alinitumia picha ya ile fomu, kwa mzaha tu. Nikaitafuta nafasi ya kuandika nani alikesha naye. Haipo.

Nikampelekea nyanya habari kwamba mnyama anaendelea vizuri. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata uso.

"Haya, alhamdulillahi. Farasi amepona." Akakung'uta mbuzi. "Na yeye je? Hicho kiyoyozi chao kimetengenezwa? Huko anakula nini?"

Nikagundua kwamba katika wiki nzima ya kusoma kuhusu farasi, hilo sikuwa nimemuuliza. Nikachukua simu.