Donald alisomea wapi?

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Juni 2023, huko Mississippi, Marekani, alifariki mzee wa miaka 89 aitwaye Donald Triplett. Ndiye mtoto wa kwanza kuelezwa katika makala ya mwaka 1943 ambamo Dakta Leo Kanner, wa hospitali ya Johns Hopkins, aliandika habari za watoto 11 wenye hali tunayoiita usonji. Magazeti yalimuaga kwa hadithi tamu. Mimi, kwa udadisi wa kazi yangu, nilitaka kujua jambo moja: huyu bwana alisomea wapi?

Kwanza hakusoma. Mwaka 1937, hata miaka 4 hajatimiza, alipelekwa kuishi katika kituo kilichojengwa kwa ajili ya watoto waliohofiwa kupata kifua kikuu. Kifua hakuwa nacho. Ndipo palipopatikana mahali pa kumweka. Huko alikaa kimya, hachezi, hajali kinachoendelea. Baada ya mwaka hivi wazazi wakamtoa, ingawa mkuu wa kituo aliwashauri wamwache.

Mwaka 1942, akiwa na miaka 9, wakampeleka shambani, maili kama 10 kutoka mjini kwao Forest, kwa mume na mke wasio na mtoto. Kanner alikwenda kuwatembelea mwaka 1945, na alichokiona ndicho kilichonifanya niandike leo. Donald alikuwa na wazimu wa kupima vitu. Wale wakulima hawakumkataza. Walimpa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia kina chake. Alikuwa akiokota ndege waliokufa. Wakamtengea kipande cha ardhi awazike na kuwawekea alama. Alihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, basi wakamfundisha kulima na farasi huku anahesabu. Akasoma shule ya kijijini ambako vituko vyake havikumshtua mtu. Hao hawakuwa wataalamu wa chochote, jamani!

Akarudi mjini akiwa kijana, akamaliza sekondari mwaka 1953, chuo mwaka 1958 (somo la Kifaransa), kisha akafanya kazi benki.

Sasa hapa ndipo utamu unaponikwama kooni. Baba yake Donald alikuwa mwanasheria. Benki iliyomwajiri ni ya ukoo wa mama yake. Na alikuwa mzungu katika Mississippi ya ubaguzi, ambako mtoto mweusi asingekanyaga shule ile ya sekondari hata kama angekuwa mtulivu kuliko wote darasani. Kwa hiyo nikisoma kwamba "jamii ilimpokea", nauliza: ingempokea nani mwingine?

Kanner mwenyewe aliwafuatilia wale 11 na kuandika tena mwaka 1971. Donald na mwenzake mmoja walikuwa na ajira. Waliofungiwa katika hospitali za serikali walififia mapema, hata uwezo waliokuwa nao utotoni ukapotea. Ni ugonjwa uleule kwa mujibu wa daktari yuleyule. Kilichotofautiana zaidi ni mahali walipopelekwa.

Mwaka huohuo wa 1971, jijini Washington, mvulana mweusi wa miaka 12 alifukuzwa darasa la nne kwa madai kwamba ni msumbufu. Hakuwa na baba mwanasheria. Alikuwa akilelewa na jiji. Yeye na wenzake 6, wote weusi, wa kati ya miaka 8 na 16, wakaipeleka mahakamani bodi ya elimu, wakisimama pia kwa niaba ya wote waliozuiwa shule kwa kubandikwa majina ya ugonjwa wa akili, usumbufu au akili pungufu. Bodi ikajitetea kwamba fedha hazitoshi. Jaji Joseph Waddy akaamua mwaka 1972 kwamba kama fedha hazitoshi, upungufu huo usimwelemee mtoto mwenye ulemavu kuliko wengine.

Miaka 3 baadaye Rais Gerald Ford akatia saini sheria iliyotaka kila mtoto mwenye ulemavu nchini humo apewe elimu ya bure inayomfaa. Neno usonji halikuingizwa katika orodha ya sheria hiyo hadi mwaka 1990. Donald alikuwa ameshatimiza miaka 57.