Gharama ya Sikukuu: Desturi za Krismasi Usukumani na Katika Machimbo ya Geita

Sikukuu ni jambo moja, na desturi zinazoizunguka sikukuu ni jambo jingine. La kwanza laweza kudumu karne nyingi bila ya kugeuka. La pili hugeuka kwa kila kizazi, kama nguo inavyofuata umbo la mvaaji. Hata hivyo watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, wakadhani kwamba likiguswa hili, lile nalo limevunjwa. Ndiyo sababu desturi nyingi za Krismasi hutimizwa kila mwaka na watu ambao, wakiulizwa faraghani, wangeziacha kwa furaha. Mahali panapofaa sana kwa uchunguzi wa jambo hili ni Usukuma, kutoka Shinyanga na Kahama hata ukanda wa dhahabu wa Geita. Kwa kuwa huko sikukuu hii ina historia fupi inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua, na gharama yake haifichiki.

Mapadri Weupe walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883. Waprotestanti nao walikuwa na kituo chao Nassa, ambacho mwaka 1909 kilipokewa na wamisionari wa Africa Inland Mission. Na mwaka 1913 hao hao walianza kazi Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga. Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani walifuata baadaye, na Jimbo Katoliki la Shinyanga lilipata jina hilo mwaka 1956. Jimbo la Geita liliundwa mwaka 1984. Kwa hiyo katika vijiji vingi Krismasi haizidi umri wa babu na mjukuu wake. Tena yafaa kukumbuka kwamba swali la desturi zipi ziachwe si geni katika nchi hii. Ni swali walilokuja nalo walimu wa kwanza wa dini, hasa wale wa Africa Inland Mission, walipowataka waongofu waache ngoma na pombe. Msukuma aliyebatizwa aliambiwa aache desturi za kwao. Hakuna aliyemwambia kwamba siku moja angetamani kuacha baadhi ya desturi alizoletewa.

Shida ya kwanza ya Krismasi Usukumani ni kalenda. Kabla ya sikukuu za kigeni, furaha kubwa ya Wasukuma ilifuata mavuno. Kuanzia mwezi wa Juni, nafaka ikiisha kuingia ghalani, ndipo mbina zilipochezwa, na vyama viwili vya Bagika na Bagalu viliposhindana kwa nyimbo, kwa dawa na kwa maarifa, kila kimoja kikijaribu kuvuta watazamaji upande wake. Sherehe hizo zililipiwa na ziada ya mwaka uliokwisha. Aliyekuwa na mtama alitoa pombe. Asiyekuwa nao alikunywa, wala hakuulizwa.

Krismasi huja kinyume. Desemba ni mwezi wa mvua na jembe. Pamba hupandwa kati ya Novemba na Desemba, mahindi yangali machanga, na mpunga ndio kwanza unaingia majarubani. Fedha ya pamba iliyouzwa baada ya Juni imekwisha kutumika. Ghala limepungua, na katika nyumba nyingi kinacholiwa ni michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa kwa ajili ya siku kama hizo. Katika mwezi huo huo sikukuu hudai wali na nyama. Mchele unaotakiwa ni ule ule ulimwao Shinyanga na Kahama, lakini sasa mkulima aliyeuuza kwa bei ndogo wakati wa mavuno huununua kwa bei kubwa. Mbina ililipiwa na mwaka uliopita. Krismasi hulipiwa na mwaka ujao.

Si kwamba Kanisa halikuweza kuiona tofauti hii. Padri David Clement, aliyeanzisha misheni ya Bujora mwaka 1952, aliitwaa Sikukuu ya Ekaristi, ambayo huangukia mwishoni mwa Mei au mwezi wa Juni, akaiunganisha na mashindano ya ngoma ya Kisukuma. Sherehe hiyo huitwa Bulabo, maana yake maua, na imedumu mpaka sasa. Imedumu kwa sababu imeangukia pale ambapo moyo wa watu ulikuwa na furaha tayari, na mfuko wao ulikuwa na kitu. Krismasi haiwezi kuhamishwa. Lakini mzigo uliopakiwa juu yake waweza kupunguzwa.

Katika mzigo huo, cha kwanza ni nguo mpya. Desturi ya kumvika mtoto nguo mpya siku ya Krismasi imeenea hata kwa watu wasiokanyaga kanisani. Asili yake yaelekea kuwa njema: usafi wa mwili mbele ya Mungu. Siku hizi imegeuka kuwa mtihani wa mzazi. Mtoto asiye na nguo mpya hubaki ndani ya nyumba siku ambayo wenziwe wote wako njiani, na mama yake hubaki naye. Kwa kuikimbia aibu hiyo watu hukopa dukani, au huuza mbuzi ambaye angezaa mwakani, au huahidi sehemu ya mavuno ambayo mbegu yake bado haijaota. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Hapa matanga huja upesi, kwa maana mwaka wa shule huanza Januari. Ada ya shule za sekondari za serikali mpaka kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016. Lakini sare, madaftari na viatu havikuondolewa. Basi mtoto aliyependeza tarehe 25 Desemba huenda akarudishwa nyumbani wiki mbili baadaye kwa kukosa shati jeupe.

Cha pili ni safari ya kwenda nyumbani. Kumwona mzazi ni wajibu mtamu, wala hakuna mwenye akili anayetaka kuufuta. Kinacholalamikiwa ni kwamba wajibu huo wa mwaka mzima umefungwa katika siku tatu. Wote husafiri pamoja. Na ingawa nauli hupangwa na mamlaka ya serikali, malalamiko ya abiria wanaotozwa zaidi husikika kila Desemba. Anayefika hatazamwi uso; hutazamwa mizigo. Mwana aliyeleta sukari, mafuta na kitenge huitwa amefanikiwa, na aliyekuja mikono mitupu huonekana amepotea, hata kama mwezi wa Agosti ndiye aliyelipa gharama ya hospitali ya baba. Wako vijana wanaokaa mjini miaka mitatu bila ya kwenda kwao kwa sababu hawana cha kushika mkononi. Desturi iliyokusudiwa kuwakutanisha watu huwatenga.

Desturi hii ilipataje nguvu hiyo? Sehemu ya jibu imo migodini. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hata mwaka 1966. Katika nchi ya wakulima, ambao fedha yao huja mara moja kwa mwaka, palizuka watu wa mshahara, ambao Desemba kwao ni sawa na Julai. Yamkini hao ndio walioweza kuishi Krismasi ya madukani kabla ya wengine, na mkulima akaanza kupimwa kwa kipimo cha mtu ambaye hawana kalenda moja. Migodi mikubwa ya Geita, iliyofunguliwa upya mwaka 2000, na ya Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2001, imeizidisha tofauti hiyo.

Walakini anayeumizwa zaidi si mkulima wala mwajiriwa, bali ni mchimbaji mdogo. Huyu hana mshahara. Hulishwa na mwenye duara kwa hesabu ya mgawo ujao, na mgawo huja tu mwamba ukitoa kitu. Soko la madini lililofunguliwa Geita mwezi wa Machi mwaka 2019 limemwonyesha bei ya dhahabu waziwazi, lakini halikufuta deni alilonalo kabla ya kufika sokoni. Nyumbani hakuna anayeyajua haya. Jina la dhahabu limekwisha kutangulia. Anayetoka Nyarugusu au Rwamagasa hudhaniwa kuwa nayo mfukoni. Kwa hiyo hukopa ili afanane na jina lake. Akirudi Januari hukuta mvua imelegeza udongo na maji yamejaa mashimoni, nalo deni halimpi nafasi ya kungoja kiangazi. Tarehe 13 Januari mwaka 2024, katika wilaya ya Bariadi iliyo jirani, kifusi kiliwaua wachimbaji 22 katika eneo ambalo uchimbaji ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua. Hakuna ushahidi kwamba mmoja wao alisukumwa na deni la sikukuu, wala si haki kuwasemea waliokufa. Lakini yeyote anayemwongezea mchimbaji deni mwezi wa Desemba yafaa ajue ni majira gani anayomrudisha shimoni.

Ziko pia desturi ambazo hakuna mwenye kuzitetea, ila hazijapata mzikaji. Kuchoma matairi barabarani usiku wa mwaka mpya, kupiga fataki, na kulewa gongo mpaka sikukuu iishie kituo cha polisi, ni miongoni mwa hizo. Nyingine ni disko toto, watoto wakirundikwa ukumbini kwa kiingilio kidogo. Hii haikuwa ya Krismasi peke yake. Mnamo tarehe 1 Oktoba mwaka 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi mmoja mjini Tabora, jirani ya Shinyanga. Tangu msiba huo polisi wa mikoa mbalimbali hutoa tangazo la kuyakataza madisko hayo sikukuu zinapokaribia. Na kule kurudiwa kwa tangazo ni dalili kwamba tamaa ya kiingilio haijafa.

Mti wa Krismasi nao una kisa chake. Wengi hudhani ni wa kale kama sikukuu yenyewe. Kumbe ni desturi ya Ujerumani, ambayo hata Uingereza haikuenea mpaka miaka ya 1840, wakati wa Malkia Victoria na mumewe Albert. Shinyanga ilipoteza misitu yake kwa kufyekwa ili kuwafukuza mbung'o na kupanua mashamba, hata ikabidi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uanzishwe mwaka 1986 na kuzirudisha ngitili, malisho yaliyofungwa ya mababu. Kukata mche katika nchi iliyohangaika hivyo kuupata, ili ukauke sebuleni kwa juma moja, ni heshima isiyo na maana. Hasa kwa kuwa mkrismasi wenye maua mekundu huchanua wenyewe uani majira hayo hayo, wala haudai shoka.

Je, desturi hizi zipigwe marufuku? Historia haishauri hivyo. Bunge la Uingereza lilifuta Krismasi mwaka 1647, na mwaka 1660 ikarudi pamoja na mfalme. Watawala wa Massachusetts waliweka faini ya shilingi tano mwaka 1659, wakaifuta sheria hiyo mwaka 1681. Desturi haifi kwa amri; hufa siku mwenye heshima wa kwanza anapoiacha bila ya kuona haya, na wa pili akafuata. Hapo ndipo hugundulika kwamba kila mmoja alikuwa akiibeba kwa kumhofia mwenziwe.

Vitakavyobaki si haba. Itabaki ibada ya usiku, na kwaya iliyofanya mazoezi tangu Oktoba. Litabaki sinia moja linaloliwa na jirani wa dini zote, hata likiwa na ugali na matobolwa. Atabaki mzazi anayemwona mwanawe, na mwana asiyeogopa kufika mikono mitupu. Na mwezi wa Januari, kengele ya shule ikilia, watoto wataingia darasani wakiwa na sare zao, na mbegu itakuwa ardhini, haikuuzwa.