Povu la Bulyanhulu

Machi 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha makinikia, unga wenye madini, nje ya nchi, na makontena 277 yakakwama Dar es Salaam. Kuanzia vijiwe vya kahawa hadi bungeni watu wakabishana juu ya unga wa kijivu uliotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, Kahama, mkoani Shinyanga. Gramu za dhahabu zilitajwa, dola zikatajwa. Namna unga huo unavyopatikana haikuelezwa vya kutosha, na hilo lilikuwa pengo kubwa.

Shinyanga ilikuwa na uzoefu wa kale wa vitu vinavyoshikana na vinavyokataana. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Almasi haishiki maji. Kimberley, Afrika Kusini, walikuwa wamelijua hilo tangu mwishoni mwa karne ya 19: mchanga uliooshwa ukipitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe ya kawaida huteleza na maji, almasi hunasa kwenye grisi. Kabla ya mashine za eksirei, wachimbaji wa almasi waliitegemea sana grisi.

Wachimbaji wa dhahabu wa Geita walishika zebaki. Kwenye mialo ya Nyarugusu na Rwamagasa mchimbaji huikanda na unga mzito ndani ya karai, hukamua kwa kitambaa, kikabaki kidonge cheupe kinachochomwa motoni. Mvuke wake ni sumu, na wanaouvuta ni pamoja na hata walio jirani tu na moto. Tena zebaki haifikii punje za dhahabu zilizofunikwa na mwamba. Hizo hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga, ambayo huuzwa kwa wenye matangi ya sainaidi, njia iliyobuniwa Glasgow mwaka 1887.

Bulyanhulu, mgodi uliofunguliwa 2001, ulikuwa na tatizo lake: sehemu ya dhahabu yake imefungamana na shaba na salfa. Hapo ndipo povu linapoingia. Mwamba husagwa hadi uwe unga, ukachanganywa na maji na kemikali yenye ncha mbili: moja hushika madini ya salfa, nyingine huyakataa maji. Kemikali nyingine huimarisha povu. Hewa ikipulizwa kutoka chini, madini hupanda yakiwa yamenata kwenye mapovu, nayo mawe matupu huzama. Povu zito la kijivu hufurika ukingoni mwa tangi, likachujwa na kukaushwa. Hayo ndiyo makinikia.

Lakini povu hukusanya tu; haliyeyushi. Tanzania haikuwa na tanuru la kuyeyushia makinikia, kwa hiyo yalipelekwa China, Japani na Ujerumani, na mwananchi hakuweza kuona kwa macho kilichotoka humo. Mei 2017 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma iliyochunguza makontena hayo ilitaja wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani. Acacia, kampuni iliyomiliki migodi hiyo, ilisema ni kama 200. Pengo la mara saba lilihitaji mizani na maabara ambazo kila upande ungeziamini.

Kampuni ya Barrick iliinunua Acacia mwaka 2019. Januari 2020 makubaliano na serikali yalitiwa saini, ikaundwa Twiga Minerals, serikali ikipata hisa asilimia 16 katika migodi. Makinikia yakaanza tena kusafirishwa, kuelekea matanuru ya nje.